Kibandiko cha Wifi

Jumatatu, 3 Juni
Fukuto tena! Hedhi ilipokoma mwaka jana nilidhani nimepumzika. Kumbe! Leo jasho limedondokea hariri nyeupe ya gauni la harusi la binti wa wifi. Doa. Nikashonea ua juu yake. Ua la nne hilo. Wifi kaja kukagua, kauliza binti anaolewa au anageuzwa bustani. Akiona la tano, kitambaa kinahamia kwa fundi mwingine.

Tuna umri mmoja, lakini yeye mkavu! Siri yake vibandiko vya homoni. Kasema niende kwa daktari nikapimwe. Thubutu! Ataniuliza kuhusu mguu ulioganda damu nilipojifungua, aninyime. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimeshazaa watatu.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kumpima binti kiuno. Nikaomba maji. Wifi jikoni, mimi kabatini. Kibandiko hicho! Nimekibandika tumboni.

Ijumaa, 7 Juni
Maajabu! Nimelala fofofo. Nimeshona mikono yote miwili bila tone. Nimemwambia mume wangu kwamba madaktari ni wa watu wasio na akili zao.

Jumamosi, 8 Juni
Wifi kaja anachechemea. Eti kuna mtu kachukua kibandiko chake cha mwisho cha sugu ya kidole. Cha sugu! Papo hapo tumbo likaanza kuwasha na fukuto likarudi na ukoo wake wote. Tone likaangukia gauni. Ua la tano. Nikakiri, nikalia. Nimechoka, jamani. Wifi kacheka mpaka kakaa chini, kisha kasema kitambaa kitabaki kwangu, ila Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari.

Jumatatu, 10 Juni
Presha? Nzuri. Saratani ya matiti kwenye ukoo? Hakuna. Damu kuganda? Hakuna, nikajibu haraka haraka. Wifi kakohoa, kauliza ule mguu uliovimba kama gogo wodini ulikuwa wa nani.

Daktari wala hakunifukuza. Kasema vidonge vya homoni vinaongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo mimi havinifai. Vibandiko vina hatari ndogo zaidi, lakini vipimo kwanza. Faida ni joto kupungua, usingizi kurudi, mifupa kupata nguvu. Upande wa pili, nikitumia miaka mingi, uwezekano wa saratani ya matiti unapanda kidogo. Tupime pamoja, kasema, uamuzi ni wako. Nilikuwa naogopa nini? Nimekubali vipimo.

Jumapili, 30 Juni
Harusi jana ilifana! Wageni wameyasifia maua matano, wawili wanataka gauni kama lile. Vipimo vilitoka salama, nina vibandiko vyangu halali, na mimi mkavu. Daktari kanionya kwamba dawa ya mtu si ya mwenzake. Nimeapa mbele ya wifi.

Ila magoti yananiuma. Wifi jana kacheza tangu mchana, anashuka mpaka chini na kuinuka, na nimeona kabatini ana vidonge vya njano. Kesho nitampelekea mabaki ya hariri. Nitaomba maji.