Mfereji wa Nyanya

Jumatatu, 11 Agosti
Nyanya amekubali kwenda Meru! Dadake wa huko, Bibi Rahema, anapelekwa Nairobi Jumamosi jioni kupasuliwa moyo. Hawajaonana tangu goti la Nyanya liharibike. Sharti ni moja: maji ya udhu ndani ya gari. Hataki kuchechemea kwenye vyoo vya vituo vya petroli. Ami Ayub, ndugu wa baba, ana ile gari ya kulala aliyouziwa na mzungu: kitanda, jiko, sinki. Mfereji wa sinki haujawahi kutoa tone. Binamu yangu Zuleka akasema si tubebe mtungi na birika, kwisha. Nikasikia sauti ndogo ikisema itatengeneza mfereji. Kumbe ni yangu. Nyanya akanishika kichwa, akaniita injinia wake. Zuleka akauliza injinia gani, na juzi nimefunga cheni ya baiskeli kinyume.

Jumatano, 13 Agosti
Nimepata tangi kijijini Gachoka! Pipa la bluu, zuri, lina hadi koki. Mzee Njagi amenipa bure, ati wanawe wamemkataza ile kazi. Kazi gani? Sikuuliza. Mbele ya watu wazima ulimi wangu hufa. Akasema hilo pipa limezoea sherehe, nisilinyime watu. Nikacheka kwa heshima. Nimelisuuza mara moja. Linanukia asali kidogo. Safi sana.

Ijumaa, 15 Agosti
Maji yanatoka! Nimefunga pampu ya kuoshea kioo cha gari. Nyanya amepiga makofi. Nimewasha na kuzima mara nyingi ili Zuleka asikie. Akauliza tu kama nimeyaonja. Wivu!

Jumamosi, 16 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.
Chuka, adhuhuri. Nyanya akafungua mfereji, akaosha mikono, akasukutua. Akatema. Akaniuliza polepole, Saad mwanangu, haya maji yamelewa?
Muratina! Mzee Njagi alikuwa akipika pombe ya asali kwenye lile pipa! Nikakimbilia swichi. Pampu ikakataa kuzima. Godoro, mito, buibui la Nyanya, vyote vikaloa. Tukahangaika mjini mpaka alasiri kutafuta maji safi na nguo kavu.
Mbele kidogo, polisi. Askari akaingiza kichwa dirishani, akakitoa haraka, akauliza kama tumembakishia. Ami, anayeadhini msikitini! Akapulizishwa kile kidude cha kupima ulevi. Hakuna kitu. Akapulizishwa tena. Askari akamwita mwenzake aje naye anuse.
Meru tukafika giza limeingia, tukakuta mlango umefungwa. Jirani, Mama Kagure, akatuambia Bibi Rahema aligoma kuingia ambulensi. Alikaa nje akisema dadangu yuko njiani, mngojeeni, mpaka wakambeba.
Nyanya akakaa kwenye ngazi, mkoba mapajani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 19 Agosti
Operesheni imeenda vizuri, alhamdulillahi. Leo Bibi Rahema amepiga simu, sauti kama uzi. Akauliza mbona Nyanya hakuja. Nyanya akajibu gari liliharibika. Hakunitaja. Nilikuwa nimesimama pale pale, na ulimi ukafa tena. Nilipaswa kuichukua ile simu niseme ni mimi. Baadaye nilimsikia Nyanya akilia jikoni, akigonganisha sufuria ili tusisikie.

Alhamisi, 21 Agosti
Jumamosi tunaenda kumwona hospitali Nairobi. Nyanya ameniomba, kwa upole, safari hii tubebe mtungi wa Zuleka tu. Nimesema sawa, Nyanya. Na ni sawa. Nimejuta vya kutosha. Sitagusa kitu.
Ila maji ya mtungi ni baridi, na lile goti halipendi baridi. Na radieta ya Ami inachemsha maji kila safari, bure kabisa, hakuna anayeyatumia! Kampira kadogo tu mpaka kwenye sinki. Nimefungua boneti kuangalia. Maji yenyewe ni ya kijani hivi, Ami huyatia dawa ya injini. Lakini sasa nina akili: nimeyanusa kwanza.
Hayana pombe.