Shakuru Hakufunua

Sogeeni, enyi watu wa mtaa wetu wa Buyenzi, na nyinyi wa Bwiza mnaojifanya hamsikii. Mwenye chungu motoni akiepue, mwenye cherehani aiache kama nilivyoiacha yangu, kwa maana nakusudia kusimulia tendo kuu ambalo wakubwa wa maofisini Rohero hawakuliandika katika madaftari yao, ingawa mengi waliyoyaandika humo ni madogo kuliko hili. Mimi ni Akilimali, fundi wa nguo. Nilikuwapo tangu kaa la kwanza hadi kipande cha mwisho, na anayebisha aje anibishie mbele ya watu.

Ulikuwa mwaka wa embargo, nchi jirani zikiwa zimetufungia mipaka, vita vikiwa milimani na petroli ikiuzwa kwa chupa. Shakuru, bwana wa spana, mfufuaji wa magari ya Ulaya na ya Japani, alikuwa amekaa miezi miwili bila gari la kufufua. Lakini silo lililomwinamisha kichwa. Mkewe Amira alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Rachidi, na kwa siku kumi na mbili hakutaka kitu ila chai ya rangi. Maziwa yakapungua kifuani, mtoto akalia hata sauti ikaanza kumwishia. Uji ukaletwa, ukarudi. Mchuzi wa kuku ukaletwa, nao ukarudi. Mwishowe Amira, ambaye kabla ya vita alikuwa mpishi wa wageni fulani huko Kinindo, akasema kwa sauti ndogo kwamba labda angeweza kula mkate wa nyama, ule laini wenye maji yake, kama aliokuwa akiwapikia wale.

Ndipo Shakuru aliposimama katikati ya ua na kuhutubia, nami nayarudia maneno yake kama yalivyotoka.

"Majirani, mi sijaingiaka mu jikoni. Baba yangu hakuingia, na babu yangu hakujua hata mulango yake iko wapi. Leo naingia. Mutu asinicheke. Na ule atanicheka, siku gari yake inakufa, asinitafute."

Médiatrice, jirani yetu wa ukuta mmoja, hakucheka. "Hakuna mutu iko na gari, Papa Rachidi," akasema. "We ingia tu."

Akaingia Jumamosi, na Jumamosi akashindwa. Si kwamba alikosa ujuzi wa silaha: aliikata nyama kwa visu viwili mpaka ikawa laini, akaikanda na kitunguu, yai na pilipili manga, akaishindilia katika kopo la mafuta ya kupikia alilolipasua na kulinyoosha kwa nyundo yake mwenyewe. Akalitia kopo ndani ya sufuria yenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Ila damu ya ufundi haikumwacha. Kila baada ya dakika chache alifunua, akaidunga nyama kwa spoku ya baiskeli, akaichomoa, akaifuta kwa kitambaa, akaidunga tena na kuitazama kwenye mwanga, kama anavyopima oili ya injini. Alifanya hivyo mara kumi na saba. Nilihesabu, kwa kuwa sikuwa na kazi.

Amira alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu sana, akashukuru, akakitema kwa adabu na kugeukia ukuta. Shakuru akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikaona analia, nikarudi.

Jioni ile Amira akamwita, naye akapiga goti kando ya kitanda.

"Ulifunua mara ngapi?"

"Mara kumi na saba. Nilikuwa napima."

"Papa Rachidi, sikia. Hii si moteri. Kila tundu unatoboa, maji inatoka. Lowesha mukate mu maziwa, changanya na nyama, usishindilie sana. Halafu funika, na usifunue saa nzima. Ata dunia ikianguka, usifunue."

Jumapili asubuhi Shakuru alirudi na nusu kilo nyingine ya nyama, na redio yake, aliyozoea kuiwasha kibarazani, hatukuiona tena. Kwa hiyo sote tulijua kwamba hapakuwa na Jumatatu ya kujaribu tena. Médiatrice akaleta maziwa katika kikombe, mkate ukaloweshwa, nyama ikalazwa kwa upole, kifuniko kikashuka. Nikaweka saa yangu juu ya kigoda. Jeshi lote la ua wetu likakaa kulizunguka jiko, na shujaa akakalia mikono yake miwili.

Dakika kumi zikapita. Kwenye dakika ya kumi na tano mkono wa kulia ulichomoka wenyewe na kwenda kwenye spoku. Médiatrice akautazama tu, ukarudi.

Dakika ya ishirini na tano, bunduki zikalia upande wa Kanyosha, kisha kitu kizito kikapiga mahali na bati zikatetemeka. Tukalala kifudifudi kama tulivyokwisha kuzoea. Shakuru akalala akikabili sufuria, pua yake karibu na majivu, spoku ikiwa shubiri moja na vidole vyake. Vumbi likatuingia midomoni. Na katikati ya mlio ule tukasikia sauti ya Amira kutoka chumbani.

"Papa Rachidi. Umefunua?"

"Apana."

"Ata kidogo?"

"Nimelala, mama. Sijafunua."

Nawaambia kweli, nimewaona watu wakivumilia mengi katika mji huu, lakini uso kama ule sijauona. Risasi zikanyamaza kwanza, naye hakufunua. Harufu ikaanza kutoka pembeni mwa kifuniko, nasi tukameza mate, naye hakufunua. Saa ilipotimia nikatamka, akaepua, akashika kisu.

"Usikate," Amira akasema kutoka ndani. "Iache ipumuzike dakika kumi."

Hapo ndipo nilipodhani tumempoteza. Akakiweka kisu chini, akafumba macho, akahesabu kwa sauti mpaka mia sita.

Kisha akakata, na maji yakatoka polepole yakaenea sahanini. Amira akala kipande kimoja, akala cha pili, akaomba cha tatu. "Iko na maji yake," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Mimi nilipewa ukingo uliobabuka, jambo ambalo sijalisahau. Kesho yake alasiri mtoto alinyonya mpaka akasinzia, na ua wote ukanong'ona ili asiamke.

Nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikaandika maneno haya kwenye mlango wa gereji yake: JUMAPILI HII SHAKURU HAKUFUNUA. Mvua imeyafuta mara nyingi, nami nimeyaandika tena kila mara. Rachidi ameanza shule mwaka huu, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoweza kuyasoma.