Naomba Mnirudishie Miguu ya Mutembei

Kyaruzi Byabato,
Izigo, Muleba.

Kwa Meneja,
Ofisi ya Kanda ya Washauri wa Teknolojia,
Bukoba.

Ndugu Meneja,

YAH: MIGUU YA MWANANGU

Nashukuru sana kwa kufungua ofisi Bukoba na kumpa mwanangu Mutembei kazi ya kompyuta. Nimelitangaza kanisani mara mbili, ya pili bila kuombwa. Lakini sasa mmeniponza.

Mwanangu mkubwa, Kahangwa, anaoa Kimwani. Wakwe wanangoja rubisi yetu, pombe ya ndizi, na rubisi haipatikani mpaka mtu aingie kwenye mtumbwi wa kukamulia akanyage ndizi. Mkanyagaji wa nyumba hii ni Mutembei. Nyayo zake zinasifiwa mpaka Buhembe. Ndizi zimeshaiva, na nzi wamefika kabla ya wageni. Kwa hiyo nalalamika:

1. Tangu mlipomwajiri, Mutembei anavaa soksi. Nyayo zimelainika kama za mchungaji wetu.

2. Wiki iliyopita alifanyia kazi sebuleni kwangu. Mbele ya kompyuta alikuwa na shati na tai. Nikainama kuokota miwani, nikaona chini ana kaptula! Hapo nikaelewa kwamba ninyi mmeajiri nusu ya juu tu. Nusu ya chini bado ni mali ya ukoo, na inakaa bure chini ya meza huku ndizi zangu zinaharibika. Roho inaniuma.

3. Jirani yangu Rwegasira ana vijana watatu wanaowaombeni kazi. Mkiwachukua nao, Izigo haitakuwa na mkanyagaji. Bila mkanyagaji hakuna rubisi, bila rubisi hakuna ndoa, bila ndoa hakuna watoto. Baadaye mtamwajiri nani?

Naomba basi mfungue tawi kwenye kibanja changu, humu kwenye migomba. Kompyuta tutaiweka juu ya ubao, Mutembei atakanyaga huku anawashauri wateja. Watashangaa kidogo tu anavyopanda na kushuka.

Wasalimieni wote hapo ofisini, pamoja na mlinzi aliyenizuia getini.

Ni mimi, baba wa nusu zote mbili,
Kyaruzi

Tanbihi: Barua hii ameichapa Mutembei mwenyewe. Anasema Jumamosi hamfanyi kazi, na angekuja kukanyaga, ila hakuna aliyemwomba. Ni kweli, nilimwonea haya mtu mwenye tai. Anauliza pia miguu yangu mimi ina ugonjwa gani. Kabla hamjamwajiri hakuwa na maswali ya namna hiyo. Andikeni hilo kuwa lalamiko la nne.