Waya Mmoja, Kampuni Mbili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo neti ya duka langu la kompyuta imeanguka mara nne. Mara ya nne ilimkuta mama mmoja wa Fizi akiongea kwa video na dada yake aliyeko Australia. Hawajaonana miaka tisa. Uso wa dada ukaganda, mdomo wazi. Mama akaniuliza kama dada yake amezirai. Nikamwambia hapana, ni kampuni ya neti.

Ng'ambo ya barabara Cishahayo ametundika kibao kipya: HAPA NETI HAIANGUKI. Herufi nyekundu. Cishahayo ni Mrundi, shemasi wa kanisa, mtu mpole, na upole huo njo unaniudhi. Neti yake anaikamata kwa sahani iliyo juu ya paa. Mimi nina waya. Waya wa kweli, unatoka kwenye nguzo hadi dirishani kwangu, na kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, si wengi wenye waya. Leo nimepata wateja sita. Wake sikuwahesabu. Ishirini na mmoja.

Saa kumi akaja Akeza, binti wa jirani yetu Thacienne. Ana miaka ishirini na miwili, na kwa miaka miwili ameomba nafasi ya kusomea ukunga ng'ambo. Sasa wamemjibu. Ijumaa saa nne asubuhi walimu watatu watamhoji kwa video.

"Papa Cadeau, neti yako iko nguvu? Ama niende kwa Papa Cishahayo?"

Asingetaja jina hilo, ningemjibu kwa busara.

"Ijumaa utakuta neti mbili," nikasema. "Moja ikianguka, ingine inakamata."

Neno lilitoka lenyewe. Lakini nikilifikiria naliona zuri. Waya ni mmoja, sawa. Kanisani pia mlango ni mmoja, na kwaya mbili zinaingia. Kwa nini kampuni mbili zisipite kwenye waya mmoja? Mke wangu Nadège, ambaye cherehani yake iko pembeni mwa kompyuta zangu, akasema niulize kwanza watu wanaojua. Nikamjibu kwamba ukiuliza, watu wanajua kwamba hujui.

Jumanne, 3 Juni

Lilongwe. Kabaza hadi barabara kuu, mgongo wa mwenye baiskeli ukinikinga upepo, kisha minibasi. Juni hii baridi haina adabu.

Kampuni niliyo nayo ndiyo iliyonipa kisanduku cheupe cha neti. Ile ya pili, yenye visanduku vyeusi, ina ofisi ndogo Kawale, karibu na soko. Dada wa kaunta alikuwa na subira. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na mimi shule niliisomea Kifaransa. Nilijaza vizuri sana hadi chini kabisa, ambapo waliuliza kama nakubali "transfer". Kwetu transfert ni pesa zinazotumwa na ndugu. Nikaona swali la ajabu, lakini nani anakataa? Nikatia alama.

Dada akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia zikomo kwambiri, asante sana ya huku. Akaniuliza tena. Nikamwambia zikomo tena, kwa sauti zaidi.

Nimerudi na kisanduku cheusi ndani ya koti. Nilipita mbele ya Cishahayo polepole ili akione. Alikuwa anamfundisha bibi mmoja kushika panya wa kompyuta. Hakuona. Nikapita tena.

Jumatano, 4 Juni

Saa mbili asubuhi cheusi kikawaka. Taa tatu za kijani. Neti inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba.

Saa mbili na nusu nikaunganisha na cheupe. Nilikuwa nimepata sokoni kidude cha kugawa waya wa simu, mdomo mmoja huku, midomo miwili kule. Cheupe kikawaka nyekundu. Nikakizima, nikakiwasha. Nyekundu. Nikakigonga kidogo ubavuni. Nyekundu. Nadège akaniuliza kama ndani kuna mtu.

Nikaipigia kampuni ya cheupe. Dada wa simu akaangalia jina langu, akasema nimehama. Nikamjibu sijahama, nimekaa kwenye kiti hiki tangu 2017. Akasema si mimi niliyehama, ni waya. Waya mmoja unabeba kampuni moja tu, na jana nilitia sahihi kwamba waya uende kwa wale wengine. Mimi si mteja wao tena. Akanitakia siku njema.

Siku nane za kusubiri fundi apande nguzo, halafu nautoa waya kwa alama moja ya kalamu ya bic.

Mtu mwingine angeridhika na cheusi. Kinafanya kazi, ndiyo. Lakini Akeza nilimwahidi mbili. Na tayari nilikuwa nimetundika kibao changu: KAMPUNI MBILI, WAYA MMOJA. Herufi kubwa kuliko za Cishahayo. Yeye mwenyewe alivuka barabara kukisoma, mikono nyuma. Akaniuliza inawezekana vipi. Nikamwambia ni mambo ya kiufundi. Akasema Mungu ni mwema.

Baada ya hapo hakuna mtu anayeweza kubaki na kampuni moja.

Alhamisi, 5 Juni

Usiku nilipata jibu. Kosa ni kwamba kampuni zinakuja kwa zamu. Ya pili ikifika inaifukuza ya kwanza. Kumbe zikifika pamoja, sekunde ileile, nani atamfukuza nani?

Saa tatu asubuhi nikachukua simu yangu na ya Nadège. Cheupe sikio la kushoto, cheusi sikio la kulia. Wote wawili wakapokea. Nikaomba kwa sauti moja: kushoto, mnirudishie waya, kulia, msiuachie waya. Dada wa cheupe akauliza nani mwingine anaongea. Dada wa cheusi akauliza hivyohivyo. Wakasalimiana. Walisoma shule moja. Wakaulizana habari za mwalimu fulani, na mimi nimesimama katikati kama nguzo. Mwishoni wakakubaliana kwamba maombi yangu yanapingana, na kwamba waya lazima ufungwe hadi faili lichunguzwe. Jumatatu.

Nikauliza Ijumaa itakuwaje. Wakanijibu kwa pamoja kwamba Ijumaa iko kabla ya Jumatatu.

Saa tatu na robo cheusi nacho kikawaka nyekundu. Sasa nina visanduku viwili na taa mbili nyekundu.

Akeza alipita saa nane. Ameazima blauzi nyeupe, anataka Nadège aipunguze mabega. Akauliza kama kila kitu kiko tayari. Nadège alinitazama juu ya cherehani. Nilisema kiko tayari. Nadège akaikanyaga mashine kwa nguvu ambayo blauzi haikuhitaji.

Alipoondoka, Nadège alisema maneno machache. "Umwambie leo. Yule mtoto hana siku ingine." Nikamwambia niachie mimi. Akasema hilo njo linamwogopesha.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika yote, hata yasiyonipendeza.

Saa tatu na dakika tano nilivuka barabara nikanunua kwa Cishahayo tiketi ya saa moja. Nilimwambia nataka kulinganisha neti yake na yangu. Akasema vizuri, tulinganishe. Neti yake hupita hewani, na inafika kwangu sehemu moja tu, dirishani, kando ya cherehani. Nikasogeza mashine ya Nadège, nikaweka kompyuta hapo, nikafunika visanduku kwa kitambaa ili taa nyekundu zisionekane. Nikaingiza namba ya tiketi mapema, ili nione kama inashika. Ilishika. Mpango ulikuwa safi.

Akeza alifika saa nne kasoro kumi. Nadège akamfunga kifungo cha juu, akamwambia awatazame wale walimu kama watu waliokuja kushonesha.

Saa nne kamili sura tatu zikatokea. Akeza akaanza polepole, kisha sauti ikapata njia. Walimuuliza kwa nini ukunga. Akasimulia jinsi mama yake alivyojifungua mdogo wake njiani, wakitoka Burundi, na mwanamke wasiyemjua akavua kitenge chake kumfunika mtoto. Jina lake hawakuwahi kulijua. Nadège aliacha kushona. Mimi nikatazama pembeni, nikaona saa.

Saa nne na dakika kumi. Tiketi niliiwasha saa tatu na dakika kumi na tano. Ilikuwa imebaki dakika tano, na walimu walisema mahojiano ni nusu saa.

Nilikimbia. Nina miaka arobaini na sita na viatu vya wazi. Kwa Cishahayo kulikuwa na watu kumi na wawili, wote wananijua, wawili wamewahi kuwa wateja wangu.

"Shemasi," nikasema, "ongeza ile tiketi."

"Ulinganisho haujaisha?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni. Nikatazama saa ya ukutani. Dakika mbili.

"Hakuna ulinganisho. Mi sina neti. Akeza iko kwangu mbele ya walimu, na neti ni yako."

Cishahayo hakucheka. Aligonga vitufe mara tatu, tiketi ikaongezeka. Kisha akasimama akawaambia wateja wake kwa upole ule ule kwamba anaomba nusu saa, anazima kompyuta zao zote, neti yote iende ng'ambo ya barabara. Kijana mmoja alinung'unika, alikuwa kwenye mpira. Bibi wa panya akamwambia anyamaze, kuna mtoto wa watu anahojiwa.

Nilirudi polepole. Akeza alikuwa bado anaongea. Hakujua lolote. Picha haikuganda hata mara moja.

Jumamosi, 7 Juni

Watamjibu mwezi ujao. Anasema mmoja wa walimu alijifuta macho. Alileta ndizi, nusu kwangu, nusu kwa Cishahayo, maana Nadège alimsimulia kila kitu. Akeza alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza kwa utaratibu kama ningemwambia iwapo neti ingekatika. Nilikula ndizi.

Mchana nikavuka kumshukuru Cishahayo. Mara ya kwanza nimeketi kwake. Akanipa chai. Akasema nikiwa na shida nimwambie mapema, hata kabla ya kukimbia. Nikamwambia nimekosa. Akasema yamekwisha. Ni mtu mzuri, nalikubali hilo kwa maandishi. Nimekishusha kibao changu.

Jumatatu, 9 Juni

Waya umefunguliwa. Umerudishwa kwa cheupe, na cheusi wanataka kisanduku chao. Neti iko. Hadi saa sita imeanguka mara mbili tu. Nadège ana furaha, cherehani imerudi mahali pake. Anasema wiki iliyopita imenifundisha.

Ni kweli. Nimekaa nikaichunguza yote kwa utulivu, na sasa naona nilipokosea. Kampuni mbili ni namba mbaya. Mbili zinavutana, hakuna wa kuamua. Kungekuwa na tatu, zingepiga kura.

Nimesikia Area 23, kulekule Lilongwe, kuna kampuni mpya ya neti. Kesho naamka mapema. Cishahayo nimemwambia kabla, kama alivyoniomba. Alishika kichwa kwa mikono miwili, nadhani kwa kustaajabu.