Kufukuzwa Kabla ya Kipindi cha Maswali

Stesheni ya Kolwezi, Machi 1993

Kwa Tata Kitenge,
Rais wa Chama cha Wauguzi wa Vyumba vya Upasuaji,
Dilala

Tata Rais mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, mgongo nimeuegemeza ukuta wa stesheni, kwa hiyo niwie radhi kwa mwandiko. Mimi ni Kanyinda Barnabé, muuguzi wa kulaza wagonjwa usingizi kabla daktari hajawakata. Ndimi niliyekuwa nasema mbele ya mkutano wetu pale vijana walipoingia kutufukuza sisi watu wa asili ya Kasai. Sikuandikii juu ya kufukuzwa kwenyewe. Hilo ni jambo la siasa, na chama chetu, kama unavyopenda kutukumbusha, hakiingii katika siasa. Nakuandikia juu ya adabu.

Kichwa cha mkutano kilikuwa "Heshima Kazini". Ulitusomea kanuni wewe mwenyewe: msemaji asikatizwe, kofia zivuliwe, mwenye swali ainue mkono, na kila mtu avae jina lake kifuani. Tulikupigia makofi. Kwa kuwa kanuni hizo zilivunjwa mbele ya macho yako, nalazimika kulalamika kama ifuatavyo.

1. Nilikatizwa. Nilikuwa naeleza jinsi ya kusikiliza pumzi ya mgonjwa umeme unapokatika, na mgonjwa wa mfano wangu alikuwa amefika katikati ya usingizi. Vijana wakasimama mlangoni, mmoja akasema, "Bakasai bote batoke inje." Nilikutazama wewe, maana wewe ndiwe mwenye kengele. Ukaangalia programu, ukaangalia saa, ukasema, "Tata Barnabé, malizia mbio-mbio, batu beko banangojea." Tata Rais, mgonjwa aliyelazwa haachwi hivyo. Mpaka leo wauguzi waliobaki ukumbini hawajui namna ya kumwamsha.

2. Vijana wale hawakuvua kofia, hawakuwa wamealikwa, na bado walipewa muda mrefu wa kusema kuliko mimi.

3. Majina ya kifuani. Mkeo aliyaandika kwa herufi kubwa, za kupendeza, na tulimshukuru. Matokeo yake vijana hawakuhitaji kumuuliza mtu yeyote. Walipita kati ya viti wakisoma: Kanyinda, simama. Bilonda, simama. Mama Ngalula, ambaye ametutangulia sisi sote katika kazi hii, aliweka kiganja juu ya jina lake kana kwamba kifua kinamwuma. Kijana mmoja akakiondoa kiganja kile polepole, kama mtu anayefunua kidonda, akasoma. Napendekeza mwaka ujao herufi ziwe ndogo.

4. Walituita bilulu, yaani wadudu. Nimesoma, nimefanya mitihani, na katika ngazi zote za kazi yetu sijawahi kuona cheo hicho. Kama kipo, nadai barua ya kunipandisha.

5. Ndugu Kisimba. Wewe unajua tumefanya kazi chumba kimoja tangu ujana wetu, na siku ya ndoa yake mimi ndiye niliyesimama kuwa shahidi. Nilipokuwa navutwa kwa mkono, yeye aliinua mkono wake. Nilifurahi sana, nikadhani anataka kupinga. Akasema, "Swali yangu iko kidogo tu. Funguo ya kabati ya dawa itabakia na nani?" Nakiri kwamba kanuni ya kuinua mkono aliifuata. Lakini maswali huja baada ya mada, na mwenye kuuliza humtazama msemaji usoni. Yeye alitazama viatu vyangu.

6. Tulitolewa kabla ya chakula. Tukiwa barabarani tulisikia harufu ya kuku.

7. Nilipofika mlangoni mtu mmoja alipiga makofi. Naomba chama kifafanue kama yalikuwa ya mada yangu au ya kuondoka kwangu. Kama ni ya mada, namshukuru.

8. Tuliambiwa, "Murudie kwenu." Mimi nilizaliwa hapa Kolwezi. Baba yangu ndiye aliyeletwa, tena hakuomba kuletwa, wenye migodi walimtaka kwa ajili ya shaba. Kasai nimeiona kwenye ramani ya shule tu. Mtu harudishwi mahali ambapo hajawahi kutoka. Neno lenyewe linakataa. Na bado tuko hapa, familia kwa familia, tunalala juu ya saruji, watoto wanakohoa, tukingojea treni itakayoturudisha ugenini.

Kwa sababu hizo nadai haya. Kwanza, niombwe radhi, kwa maneno marefu na kwa cheo changu kamili. Pili, niitwe kumalizia mada yangu, na asiwepo wa kunikatiza. Tatu, kama kazi ya kufukuza itaendelea, iingizwe katika programu, iwe baada ya chakula, na ifuate alfabeti badala ya kabila. Kwa herufi K, Tata Rais, mimi na wewe na Kisimba tungekutana mlangoni.

Na mpaka nitakapopata jibu, sitamgusa mgonjwa yeyote wa mji huu, hata nikiitwa. Mimi ni mtu wa kanuni.

Nisalimie mkeo, nisalimie wauguzi wote mliobaki, na Kisimba, na yule aliyepiga makofi. Mke wangu Ndaya naye anawasalimu, ingawa yeye hakutumia neno hilo.

Ni mimi mwenzako katika kazi, ambaye bado nina nusu ya mada,

Kanyinda Barnabé

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, gari la hospitali limekuja hapa stesheni. Mama mmoja ameletwa hospitali kutoka Mutshatsha, mtoto amekwama tumboni, na hakuna mtu wa kumlaza. Nilimweleza dereva kwamba mimi nangojea jibu la Rais. Ndaya akaniuliza, "Na ule mama, naye angojee Rais?" Nikapanda gari.

Kule chumba cha upasuaji daktari alisimama mbele yangu, akaanza kuniomba radhi kwa niaba ya mji mzima, kwa maneno marefu na kwa cheo changu kamili. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilimkatiza katikati, nikamwambia anyamaze, akate. Mtoto ni wa kike, na analia kwa nguvu kuliko watoto wote niliopata kuwasikia. Mama yake anapumua vizuri. Wao wamebaki mjini, mimi nimerudishwa stesheni.

Basi, Tata Kitenge, kama hujaanza kuniandikia jibu, usiandike. Bomba la hapa limekauka tangu asubuhi. Tuma maji.