Sufuria ya Mama na Dakika Tano

Jumanne, 4 Machi

Nimeficha jambo kwa miaka thelathini na mmoja: sijui kupika wali na maharage ya bahati. Mimi! Mwenye ufunguo wa jiko!

Naandika kwa sababu Jumatatu napasuliwa kifua. Daktari ametabasamu mno. Sikupenda.

Katika ukoo wetu, anayekabili jambo zito, mtihani, safari au kisu cha daktari, hupikiwa wali na maharage katika sufuria ya Mama. Siri ya mapishi anayo mtu mmoja tu. Hupika peke yake, mlango umefungwa, bila kusema neno. Mama alipofariki, nilitangaza kwamba siri kaniachia mimi. Kanuni ya mlango ilinifaa sana! Nilikuwa mkuu wa shule ya bweni. Mpishi wa shule alinipitishia dirishani ndoo ya chakula cha wanafunzi, nami nikamimina kwenye sufuria. Ukoo mzima umekula bweni na kumshukuru marehemu.

Mpishi sasa amestaafu. Mikono inatetemeka, anapikiwa uji na bintiye.

Na safari hii wa kupikiwa ni mimi. Nimewakumbuka waliokula. Mpwa wangu alifeli mtihani wa udereva mara tatu. Shemeji alidondoka kutoka darini. Wote walikula wali wa bweni! Jasho limenitoka hadi kwenye soksi.

Jumatano, 5 Machi

Nimetangaza kwamba daktari amenikataza maharage. Mjukuu wangu, muuguzi, akampigia simu papo hapo. Daktari kasema vijiko viwili vitatu havina neno. Mtu hovyo kabisa.

Dada akacheka. Ana miaka themanini na minne, meno manane, na ulimi mkali kuliko yote manane. Akauliza tangu lini mwalimu akaogopa maharage, au kuna jingine ninaloogopa? Ameapa kwamba safari hii atakaa jikoni. Hatasema neno, ataniangalia tu. Miaka yote hii ananishuku.

Alhamisi, 6 Machi

Sufuria nimeificha kabatini, chini ya koti la baridi. Dada kaipata kabla ya chai! Akauliza kama siku hizi masufuria yana miguu. Nikasema labda panya. Akasema basi panya huyo ni mwalimu mstaafu.

Nimelala chali kuhesabu mapigo ya moyo. Hayalingani. Nimehesabu tena. Afadhali nisingehesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia mjukuu anipeleke nikamuage rafiki wa zamani. Rafiki ni Mpishi. Alicheka, akalia, kisha akanitajia mapishi kama anayesoma shairi. Kwa wanafunzi mia nne: mchele kilo sitini, maharage kilo arobaini. Maharage yalowekwe kwa saa kumi na mbili, yachemke kwa saa tatu, ndipo utie mchele, ungoje maji yakauke. Hajawahi kupikia watu chini ya mia, lakini akasema bwana mkubwa ni mtu wa hisabati, atagawanya.

Nimegawanya! Sisi ni kumi na wawili. Kila kitu nimekigawa kwa thelathini na tatu na theluthi. Maharage, kilo moja na gramu mia mbili. Kuloweka, dakika ishirini na moja na sekunde thelathini na sita. Kuchemsha, dakika tano na sekunde ishirini na nne. Kumbe rahisi hivi! Wapishi wanatutisha bure.

Jumamosi, 8 Machi

Dada alikaa kwenye kigoda mlangoni, kimya kama askari. Nikapika kwa saa ya mkononi. Sikuzidisha hata sekunde.

Nikapakua. Maharage yakalia kwenye sahani kama kokoto kwenye bati. Shemeji akashika shavu. Mpwa akajifanya anakohoa, akatemea mfukoni. Mjukuu akanitazama kwa jicho la wodini. Nikajua yamekwisha: leo aibu, Jumatatu kaburi.

Dada akatafuna. Krak! Meno saba.

Machozi yakamtoka. Nikafungua kinywa niombe radhi, akaniwahi. Akasema, “Huyu ndiye Mama!” Kumbe Mama hakuwahi kuwa na subira ya maharage. Marehemu Baba alikuwa akiyatema chini ya meza, kwa adabu. Mimi yangu nilikuwa namsukumia Dada tangu utotoni, ningejuaje? Akasema miaka yote nimewapikia maharage laini, akajua siri sinayo. Leo, mbele ya kifo, nimeitoa. “Nisamehe, mdogo wangu. Nilikudhania mwongo.”

Nimemsamehe. Tena mbele ya watu wote, kwa moyo mkunjufu!

Jumapili, 9 Machi

Begi la hospitali liko mlangoni.

Mjukuu ndiye mrithi wa siri. Nimemwandikia kwa wino: dakika tano na sekunde ishirini na nne, isizidi. Akauliza Mama alisema nini siku ile ya kufariki. Nikamwambia alinishika mkono, akaninong'oneza mapishi yote, akanibariki. Baraka nimeiongeza leo. Imekaa vizuri.

Dada ameshinda chumbani kwangu, ananikunjia nguo. Nimepata nafasi ya kumwambia mara nne. Mara zote nne nimeomba maji. Sasa anauliza kama ni figo pia.

Naogopa. Basi niliweke hapa, maana daftari halina macho ya kulia.

Siku ile Mama hakutaja wali wala maharage. Alisema, “Mwite dada yako.” Dada alikuwa uani, hatua kumi, anaanika shuka. Nilimsikia akiimba.

Nikamwambia Mama kwamba ametoka.