Tovuti ya Kanisa na Harusi ya Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti
Mchungaji kaniita ofisini. Waumini wanalalamika kwamba wakifungua tovuti ya kanisa hawazioni saa za ibada. Akaniomba nizipandishe juu kabisa, kwa herufi kubwa, basi. Basi! Kipaji changu kiishie kwenye herufi kubwa? Nikamwambia aniachie mimi. Mwalimu wa kwaya, mwenye kutunza ubao wa matangazo pale mlangoni, alikuwa kakaa pembeni anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wivu tu. Ubao wenyewe unaliwa na mchwa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeweka njiwa. Weupe, wanaruka toka kushoto kwenda kulia, na kinanda kinalia nyuma yao. Nilimwonyesha mke wangu, akaenda kuanua nguo. Nikajua imemgusa.

Jioni mwalimu wa kwaya akanishitaki kwa Mchungaji. Eti kila akibonyeza "Ratiba" anabonyeza njiwa. Eti kinanda kimemlilia mama mmoja mkobani akiwa msibani. Nimeamriwa kuwaondoa. Nimewaondoa mmoja mmoja, roho inaniuma.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeamka na ari mpya. Keshokutwa mdogo wake mke wangu anaolewa, kanisani kwetu, saa nne asubuhi. Wageni wengi wanatoka mbali, na kadi hazina saa. Nilimshauri shemeji awaambie watazame tovuti. Sasa nimetengeneza kitufe kimoja kikubwa: HARUSI. Ukikibonyeza, saa hiyo hapo. Tena ujumbe unaenda kwenye simu ya kila mwalikwa. Tovuti ikaniuliza saa ngapi. Nikaandika 4:00, nikachagua mchana. Haikubisha.

Mwalimu wa kwaya akataka kuandika saa ubaoni pia. Nikamshawishi Mchungaji ubao upelekwe kwa fundi ukapakwe rangi. Nimemkomesha.

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi simu ikaja. Gari la bwana harusi na wazazi wake limeharibika njiani, fundi bado anahangaika nalo, wasitarajiwe kabla ya alasiri. Shemeji akalia mpaka poda ikafanya mifereji. Wageni wangejaa kanisani, wangoje, wachoke, waanze kunong'ona kwamba bwana kaingia mitini. Kuwazuia hakukuwezekana, wa mbali tulidhani wameshaondoka makwao. Tukaenda kanisani kuipokea aibu yetu.

Saa nne ikafika. Kanisa tupu. Sisi wa nyumbani, Mchungaji, na kwaya inayopiga miayo.

Mke wangu akatoa simu, akabonyeza kitufe changu. Akanivuta pembeni.

"Baba, umewaita watu saa kumi jioni."

Nikaelewa palepale. Nne yangu mashine imeisoma kwa saa za Kizungu. Nikamtolea macho. Mara mama mkwe huyo, ananijia mbio na gauni lake la harusi, naye simu mkononi. Nikajiandaa kwa kofi. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, umetusitiri."

Alidhani nimeisogeza saa mara tu niliposikia habari za gari. Nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Bwana harusi kafika saa tisa, grisi mpaka shingoni. Akaoga kwa Mchungaji. Saa kumi kanisa likafurika, na hakuna mgeni aliyejua kilichotupata. Waliposema "ndiyo", yeye na shemeji, nilijisikia kama nimetua gunia la mkaa. Hata mwalimu wa kwaya niliona anaimba vizuri. Mke wangu akaninong'oneza kwamba aliniona nilivyotoa macho asubuhi, na kwamba hatamwambia mtu. Nilioa vizuri.

Jumapili, 10 Agosti
Mchungaji kanishukuru mbele ya waumini wote. Baadaye, faraghani, akanisihi sasa niandike saa za ibada tu, juu, herufi kubwa.

Nimetafakari mchana kutwa. Nimegundua kuwa chanzo cha matatizo yote ni tarakimu. Nimezifuta. Mahali pake nimeweka picha ya saa yetu ya ukutani, ile ya sebuleni, yenye fremu ya dhahabu. Inajaza skrini nzima. Mke wangu akauliza kama si ileile iliyosimama tangu mwaka juzi.

Nikamweleza kwamba hiyo ni picha. Picha zote husimama.